Likizo ya Miji Miwili: Mombasa na Nairobi

Wako wanaoamini kwamba kuvuka mpaka kwa matembezi ni anasa ya wenye fedha nyingi. Mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyejiwekea akiba tangu mwanzo wa mwaka aweza kuichukua jamaa yake, wakaiona Mombasa, wakaiona Nairobi, kisha wakarejea nyumbani kwa ndege. Kinachomwangusha mara nyingi ni mpango mbaya.

Usilipie njia moja mara mbili. Panda basi kupitia Tanga na Horohoro hadi Mombasa, kutoka Mombasa shika treni hadi Nairobi, na kutoka Nairobi panda ndege.

Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 2017, nayo ina urefu wa kilomita 472 hivi. Treni ya moja kwa moja huzimaliza kwa muda wa saa tano na zaidi kidogo. Chagua ya asubuhi. Ile ya usiku hufika kabla ya mapambazuko, na watoto watakuwa wameipita Tsavo yote usingizini, huko ambako tuta la reli limeachiwa mapito chini yake ili tembo wavuke.

Vituo navyo vina hesabu yake. Cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa, na cha Nairobi kiko Syokimau, mbali na katikati ya mji. Mtu atokaye Tanga huingia kisiwani kwa pantoni ya Likoni, kisha siku ya treni hutoka tena upande wa pili. Nauli hizo ndogo ndogo ziandike daftarini mapema.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Safari moja nilipata tiketi za ndege za bei ya chini sana, za jioni, nikazipanga siku ile ile ya treni ya asubuhi. Nilijiona mjanja kwa kuokoa malipo ya nyumba ya wageni. Tuliposhuka nikataka watoto wauone mji kwanza. Msongamano wa magari ukatushika, na tulipofika kiwanjani dawati lilikwisha fungwa. Tiketi zile hazikuwa za kurudishiwa fedha. Akiba ya sare na viatu vya shule ikanunua tiketi nyingine nne. Mwenzangu hakunilaumu. Alikaa kimya hadi Dar es Salaam, na kimya kile nakikumbuka kuliko nauli.

Kwa hiyo lala Nairobi usiku mmoja kabla ya kuruka. Tiketi ya ndege ndiyo ikatwe kwanza, kwa kuwa bei yake kwa kawaida hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Lakini usiikate kabla kila mmoja, hata mtoto mchanga, hajapata hati yake ya kusafiria. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, ila bila hati mpaka haupiti.

Uliza pia uzito wa mizigo. Nauli ya chini mara nyingi huruhusu mfuko wa mkononi tu, na vitenge vya zawadi vina uzito kuliko vinavyoonekana dukani. Nauli ya treni nayo iulize upya wiki unayokata, maana daraja la pili lilipanda kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, na waliokuwa wamepiga hesabu kwa bei ya zamani walilazimika kuzipiga upya.