Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Ndugu wafanyakazi, mshahara wetu una maadui wengi, na mmoja wao ni gunia la mkaa. Bei ya mkaa hupanda bila kungoja mkataba wowote, lakini chungu lazima kiinjikwe kila siku. Kwa hiyo inafaa tutazame walivyofanya ndugu zetu wa Kenya katika miaka ya 1980.

Wakenya walikuwa na jiko la bati la siku nyingi, lililofuliwa na mafundi wa jua kali kwa mabati chakavu. Lilikuwa jepesi na bei yake nafuu, ila joto jingi lilipotelea ubavuni. Huko Thailand nako watu walikuwa na jiko lao, ndoo ya bati yenye chungu cha udongo wa kuchoma ndani yake, na udongo ule ulihifadhi moto. Majiko yote mawili yalikuwa ya zamani. Mafundi na wataalamu wa mpango wa serikali wa nishati, wakisaidiwa na akina mama waliolijaribu jikoni, wakaliunganisha bati la huku na udongo wa kule. Likatoka jiko lenye kiuno chembamba. Udongo umewekwa sehemu ya juu tu, moto unapokaa, na kitako ni kipana ili lisipinduke mtu anaposonga ugali.

Yale ya mwanzo yalikuwa na kasoro, udongo ukipasuka upesi. Yakarekebishwa. Lilipopimwa, jiko lililotengenezwa vizuri lilionekana kupunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa mwenye mshahara mdogo, hiyo ni sawa na nyongeza ambayo mwajiri hakuitoa.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hakuna kampuni iliyojitwalia haki ya kulitengeneza peke yake. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, walilifua, wengine wakaiga, bei ikashuka, na jiko likavuka mipaka kwenda Uganda, Rwanda na hapa kwetu Tanzania. Lakini uhuru huo ulileta walanguzi pia. Yako majiko ya bati jembamba na udongo usioiva, ambayo hayamalizi mwaka. Anayeumia ni yule yule mnunuzi maskini.

Wapo watakaosema kwamba jiko ni mambo ya akina mama, si ya chama. Hao wamesahau kuwa wachumaji chai wengi ni akina mama, na kwamba fedha ya mkaa hutoka katika bahasha ile ile ya mshahara. Wengine watasema siku hizi kuna gesi. Gesi ni nzuri kwa mwenye uwezo wa kujaza mtungi, lakini wengi wetu bado tunapikia mkaa.

Mimi naona tuna kazi mbili. Kwanza, matawi yetu yanunue majiko kwa pamoja, moja kwa moja kwa mafundi, baada ya kuyakagua, kisha wanachama wayalipie kidogo kidogo. Fundi atapata soko la hakika na mlanguzi atakosa nafasi.

Pili, tukumbuke kwamba akili iliyounganisha majiko yale mawili imo hata viwandani na mashambani mwetu. Mara ngapi fundi mitambo amechukua kifaa cha mashine iliyokufa, akakifunga katika nyingine, na kazi ikaendelea? Sifa huenda kwa meneja, fundi akabaki na mafuta mikononi. Mkataba wa hali bora useme wazi kwamba mfanyakazi anayebuni kitu chenye faida ataandikwa jina lake na kulipwa sehemu ya faida hiyo.

Wataalamu tunawahitaji, na fedha za serikali tunazihitaji. Lakini jiko la Kenya lisingesimama bila mikono ya fundi na maoni ya mpishi. Wenye mikono hiyo wasiachwe nje wakati wa kugawana matunda.