Kijana wa Kasongo na kitabu cha Python

Kijana wa Kasongo au Kabambare, huku Maniema, Kongo, anayetaka kujifundisha kuandika programu mara nyingi huanzia kwenye video. Mega za intaneti humwishia kabla ya somo kwisha, na alichoshika ni kunakili tu.

Kitabu kingemfaa zaidi, ila si kitabu chochote. Cha Gérard Swinnen, mwalimu wa Ubelgiji, kinafundisha lugha ya programu ya Python kwa Kifaransa, lugha ya masomo ya sekondari huku kwetu, na kinagawiwa bure kihalali: kikishushwa mara moja, kinapita simu hadi simu bila intaneti. Ahakikishe tu ni toleo la Python 3. Python 2 iliachwa kutunzwa mwaka 2020, na mifano yake ya "print" itamgomea kwenye Python ya leo tangu ukurasa wa kwanza.

Kwa hesabu kuna vitabu vya Sésamath, chama cha walimu wa Ufaransa, navyo ni bure. Vina mazoezi tele, na hicho ndicho kipimo cha kitabu kizuri; kurasa kumi zisizo na zoezi ni hadithi.

Na Kifaransa kisimtishe: marafiki wawili husoma kwa Kifaransa, kisha hubishana kwa Kiswahili mpaka swali litatuke.

Msomaji wenu,
Kasongo