Kwanza Msalaba, Kisha Tairi, Kisha Tajiri

Siku ambayo TP Mazembe inacheza nyumbani, mwenye kutoka katikati ya mji wa Lubumbashi akielekea Kamalondo hana haja ya kuuliza njia, kwa maana mavazi meusi na meupe ya watu humwongoza, na mlio wa ngoma humfikia kabla hajauona ukuta wa uwanja. Na akijaliwa kupata nafasi miongoni mwa watu 18,500 ambao uwanja ule uliofunguliwa mwaka 2011 unaweza kuwachukua, atawakuta wale wajiitao Asilimia Mia wamesimama tangu mwanzo hata mwisho, wakiimba kwa nidhamu ambayo majemadari wengi wangeihusudu. Nami kila niwatazamapo hujiuliza: jeshi kubwa namna hii, lenye utii na saburi, lina amri gani juu ya kitu likipendacho? Jawabu, kwa masikitiko, ni kwamba halina amri hata chembe.

Tarehe ya klabu yenyewe yatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1939, wakati mji huu ungali ukiitwa Élisabethville, mapadri Wabenediktini wa shule ya Saint-Boniface waliianzisha timu na kuipa jina la mtakatifu. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, hata vijana wetu wakawa wanakimbia na tangazo la biashara si kifuani tu bali katika jina lao lenyewe. Kwa jina hilo, ambalo mwaka 1966 liliongezewa sifa ya Tout Puissant, yaani mwenye nguvu zote, walilitwaa kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Kisha jina la Englebert likaachwa, Mazembe likashika mahali pake, na tangu mwaka 1997 dhamana ya klabu imo mikononi mwa Moïse Katumbi Chapwe. Kwanza msalaba, kisha tairi, kisha tajiri: katika zamu zote hizo tatu mshabiki ametoa sauti yake na nauli yake, na pengine kuacha bukari lake lipoe mezani, lakini hajapata kuulizwa rai yake. Mahasimu wetu wa Saint-Éloi Lupopo, ambao nao waliasisiwa mwaka huohuo wa 1939 na mpaka leo huitwa watu wa reli, hawana cha kutucheka, kwani nao wamelelewa kwa mkono wa wengine vilevile.

Sisemi haya kwa kuidharau hisani ya mlezi. Insafu yataka tukiri kwamba Katumbi alitumia mali yake na moyo wake pia, na kwamba katika siku zake Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2009, ikaitwaa tena mwaka 2010, na Desemba ya mwaka huo, kule Abu Dhabi, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter ya Milan mabao matatu bila jibu, nasi tukarudi nyumbani vichwa juu kana kwamba tumeshinda. Lakini mtu huyohuyo alikuwa gavana wa Katanga tangu mwaka 2007 hata 2015, na ni nani kati yetu aliyeweza, katika miaka ile, kupambanua shangwe za bao na shangwe za gavana? Tulizichanganya kwa furaha, na gharama yake tukaja kuilipa baadaye.

Mwezi wa Mei mwaka 2016, alipokwisha kutangaza kwamba atagombea urais, aliitwa mbele ya mwendesha mashtaka hapa Lubumbashi, na maelfu waliomsindikiza wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Baada ya siku chache akaondoka nchini, asirudi mpaka Mei ya mwaka 2019. Klabu haikufa, alhamdulillahi, bali ilitwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017 ilhali kiti cha rais wake ki kitupu. Wapo wanaoutaja ushindi huo kuwa burhani ya kwamba hatuna sababu ya kuhofu. Mimi nauona kinyume: miaka mitatu mizima hatima ya timu ilifungamana na kesi ya mtu mmoja, na miongoni mwa wale waliolia moshi barabarani hapakuwa na hata mmoja mwenye mahali pa kisheria pa kuketi na kusema, klabu hii ni ya mtaa wetu, na haya ndiyo masilahi yake.

Upande wa pili mambo yamefuata njia ileile. Jacques Kyabula Katwe, aliyechaguliwa gavana wa Haut-Katanga mwaka 2019, akawa pia rais wa Lupopo, naye katika siasa alisimama upande wa serikali wakati Katumbi alipokuwa mpinzani. Basi pambano la Mazembe na Lupopo, ambalo zamani liliwagawa ndugu wawili kwa dakika tisini na kuwapatanisha jioni, likaanza kunusa harufu ya uchaguzi, hata kijana akivaa fulana ya buluu au nyeusi watu humpima kwanza ni wa kambi gani kabla ya kumwuliza matokeo. Hata uwanja mkubwa wa mji umebeba jina la mwanasiasa, Frédéric Kibassa Maliba. Siasa, basi, haikungoja mwaliko wetu. Imekwisha kuingia, nayo imeingilia mlango wa waheshimiwa.

Rai yangu ni kwamba mashabiki nao waingie, ila kwa mlango mwingine. Na katika kulisema hili nakumbuka kadhia moja ya huko London, ambayo naiona ina mafunzo kwetu kuliko hotuba nyingi. Klabu ya Charlton Athletic ilihama uwanja wake, uitwao The Valley, mwaka 1985, ikawa inapanga kwa jirani, na nyasi zikaota mpaka kwenye majukwaa ya wazee. Klabu ilipotaka kurudi, halmashauri ya Greenwich ikaikataa ramani ya ujenzi mapema mwaka 1990. Mashabiki wale wangeweza kuvunja vioo au kumwendea tajiri fulani na kumlilia. Badala yake waliunda chama cha siasa, wakakiita kwa jina la uwanja wao, wakaweka wagombea wapatao sitini katika uchaguzi wa halmashauri wa mwezi wa Mei mwaka huo, na ajenda yao ikawa moja tu: turudishieni nyumba yetu. Walipata kura zaidi ya 14,800, karibu asilimia 11 ya zote zilizopigwa. Kiti hawakupata hata kimoja. Lakini mwenyekiti wa kamati iliyoikataa ramani yao alianguka katika uchaguzi huo, na waliosalia wakafahamu hesabu bila kufundishwa. Ruhusa ikatolewa mwaka uliofuata, na tarehe 5 Desemba 1992 Charlton ikacheza tena The Valley na kushinda bao moja kwa bila.

Atasema mtu: wewe walalamika kwamba siasa imeingia katika klabu, kisha wataka kuiongeza? Hoja hii ina uzito, nami sitaipuuza, maana katika nchi hii twajua umati wa mpira unaweza kufanya nini usipokuwa na uongozi. Tarehe 4 Januari 1959, kule Léopoldville, watazamaji waliotoka uwanjani walikutana na watu wa chama cha siasa cha ABAKO waliozuiliwa mkutano wao, na mji ukawaka. Walakini iko tofauti kubwa kati ya mtu atumiaye klabu ili apate kiti kikubwa na mtu atafutaye kiti kidogo kwa ajili ya klabu. Wa kwanza macho yake yako Kinshasa. Wa pili macho yake yako kwenye mtaro ulioziba nyuma ya jukwaa, na sijapata kusikia mtu aliyefika kuwa rais wa Jamhuri kwa njia ya mitaro ya Kamalondo.

Na viti vidogo hivyo vipo. Tarehe 20 Desemba 2023, pamoja na kura ya rais na ya wabunge, wapiga kura wa miji mikuu ya mikoa walichagua pia madiwani wa komine, jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tumelishuhudia maishani. Lubumbashi ina komine saba, na diwani wa komine ndiye mtu aliye karibu zaidi na usafi, soko, barabara ya mtaa na kipande cha ardhi kilicho wazi. Hapo ndipo klabu huzaliwa. Kiwanja cha vumbi nilichochezea utotoni, huko Katuba, leo kina nyumba juu yake, wala hapakuwa na mtu barazani aliyeinua mkono kusema hapana siku kilipokatwa viwanja. Mazembe ya kesho, na Lupopo ya kesho, inakatwa vipande namna hiyohiyo, nasi tupo jukwaani tukipiga ngoma.

Katika jambo hili mtu wa Mazembe na mtu wa Lupopo hawana sababu ya kugombana, na orodha moja ya wagombea yaweza kuwachukua wote wawili, mradi wakubaliane kwamba hakuna mlezi, wa upande wowote, atakayewalipia karatasi za kampeni. Muhula wa madiwani ni wa miaka mitano. Enyi Asilimia Mia, nanyi watu wa reli, anzeni sasa kutafuta watu wa kuwasimamisha.