Kabla ya kubadili injini, tushike kalamu

Kila msimu wa karafuu unapokaribia hapa Pemba, gereji za Chake Chake, Wete na Mkoani hujaa gari kongwe zinazotafutiwa uhai mpya. Nyingi ni pikapu na gari ndogo za mizigo zenye umri wa miaka ishirini na zaidi. Bodi bado inahimili na chesisi imeshachomelewa, lakini injini imechoka. Inatoa moshi wa bluu, inakunywa oili, na ikifika kwenye kilima wapakizi hushuka wakasukuma. Mwenye gari hana fedha za kununua nyingine, hivyo huuliza swali moja tu: nitie injini gani?

Wengi hulijibu swali hili kwa kutazama bei au nguvu. Sisi tunaona vyote viwili vinapotosha. Injini inayomfaa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa kisiwani ni ile ambayo fundi wa hapa anaijua vizuri, na ambayo spea yake haitamlazimisha kusubiri meli huku mzigo ukiharibika.

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L, ambayo ni ya cc 2,446. Ndugu zake ni 3L ya cc 2,779 na 5L ya cc 2,986. Zote ni za ukoo mmoja, kwa hiyo mara nyingi hukaa mahali pa 2L kwa marekebisho madogo, na giaboksi haihitaji kubadilishwa. Injini hizo hizo zimefungwa kwenye Hiace nyingi za abiria, ndiyo maana gasketi, ringi na nozeli zake si vitu vya kutafuta kwa tochi. Hazina turbo wala kompyuta. Fundi mwenye spana na uzoefu huzimudu.

Wapo wanaovutiwa na 1KZ-TE, yenye turbo na pampu inayoongozwa kwa umeme. Ina nguvu kweli, lakini ikipata joto kupita kiasi silinda hedi yake hupasuka upesi, na kasoro za umeme wake zinahitaji vifaa ambavyo si kila gereji inavyo. Gari ya kubeba ndizi na magunia ya karafuu haihitaji mbio. Inahitaji kuwaka kila asubuhi.

Njia nyingine ni kuifumua injini iliyopo na kuitengeneza upya. Kama bloku ni nzima na krenki bado inachongeka, njia hii ina faida moja kubwa: unajua ulichokitia ndani. Injini iliyotumika kutoka nje ni bahati nasibu usipoikagua. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mweupe kama maziwa, maji yameingia. Zungusha krenki kwa mkono. Fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne, na vipimo visiachane sana. Hakikisha bei inajumuisha pampu ya dizeli, stata na altaneta, kwani vikinunuliwa kimoja kimoja hula faida yote. Muuzaji asiyekubali injini ikaguliwe amekwishakujibu.

Lipo pia swali ambalo watu husahau kuuliza: injini ya kwanza iliuliwa na nini? Mara nyingi ni rejeta iliyoziba. Gari zetu huteremka hadi ufukweni kubeba mwani, na chumvi hula rejeta na mabomba taratibu. Ukifunga injini nyingine kwenye rejeta ile ile, utaizika kaburi lile lile. Basi tenga fedha za rejeta, pampu ya maji, mkanda wa taimingi na sahani ya klachi wakati kila kitu kimefunguliwa. Mkanda wa injini za ukoo wa L hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa injini ya mtumba usiamini kilomita utakazoambiwa.

Sasa tuhesabu. Tuseme gari inatembea kilomita 80 kwa siku. Injini inayokwenda kilomita 8 kwa lita itakunywa lita 10. Inayokwenda kilomita 10 itakunywa lita 8. Tofauti ni lita 2 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni lita 50 kwa mwezi, na kwa mwaka ni lita 600. Zidisha kwa bei ya dizeli ya leo, uone kama ile injini "rahisi" bado ni rahisi.

Kuna na gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Karafuu mbichi ikilala kwenye lundo huchemka na kuharibika. Ni lazima ianikwe mapema. Kilo 3 hivi za mbichi hutoa kilo 1 ya kavu, kwa hiyo mzigo mzito ndio unaohitaji gari ya uhakika. Siku tatu za gari kulala gereji katikati ya msimu zinaweza kumeza kile ulichookoa kwenye bei ya injini.

Ushauri wetu ni huu. Kazi hii ifanywe kabla ya msimu, si ndani yake. Wenye gari wa eneo moja wakubaliane kutumia injini za ukoo mmoja, ili wanunue spea kwa pamoja na kuazimana panapotokea dharura. Namba mpya ya injini iripotiwe na kuandikwa kwenye kadi ya gari, bima isije ikakataa kulipa. Na vituo vya amali, kama kile cha Vitongoji, viwafundishe vijana wetu injini hizi zinazobeba uchumi wa kisiwa.

Wazee walisema rahisi ghali. Mwenye gari akishika kalamu kabla ya kushika pochi, hatalijua hilo kwa machungu.