Jina Moja, Nyumba Mbili: Kosa la Mawanda kwa Mwanafunzi wa Programu

Wakati wa likizo nilipokuwa nyumbani Kashai, mjini Bukoba, vijana wanne wa kidato cha tatu waliniomba niwaongoze katika kuandika programu ya kompyuta. Walichagua jambo walilolifahamu tangu utotoni, yaani kupima kahawa. Karani wa chama cha msingi hupima magunia moja baada ya jingine na kuongeza kila uzito kwenye jumla ya siku. Wakaandika hivi, kwa lugha ya Python:

jumla = 0
def pokea(kilo):
    jumla = jumla + kilo
pokea(40)

Kompyuta ikakataa. Ujumbe wa kosa ulisema, kwa ufupi, kwamba jumla ni kigeu cha ndani ambacho hakijapewa thamani. Mmoja wao akanung'unika: “Mwalimu, mbona thamani tumeipa katika mstari wa kwanza? Labda sisi hatuna vichwa vya kazi hii.” Makala haya ni jibu langu kwake, na pia ni lawama kidogo kwetu sisi walimu.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Kigeu ni jina ambalo kwalo programu huitambua thamani iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Fankisheni ni fungu la amri lililopewa jina lake, nalo huweza kuitwa kazini mara nyingi. Mawanda ya kigeu ni sehemu ile ya programu ambamo jina lake lajulikana. Nje ya sehemu hiyo jina halina maana, au lina maana nyingine kabisa.

Jambo hili si geni kwa mtu wa Kashai. Ukiwa ndani ya nyumba ukaita “Mwalimu!”, ataitika mwalimu wa nyumba hiyo. Kama hayupo, utaelewa kuwa anatajwa mwalimu wa ua ule. Akikosekana huko, atatafutwa wa mtaani. Python nayo hutafuta jina kwa utaratibu kama huo: ndani ya fankisheni, kisha katika fankisheni inayoizunguka kama ipo, kisha katika programu nzima, na mwisho katika majina yaliyokuja na lugha yenyewe.

Basi kwa nini haikuiona jumla ya nje? Sababu ni kwamba vijana hawakuisoma tu, waliiandikia. Katika Python, jina lolote linalopewa thamani ndani ya fankisheni huhesabiwa kuwa la ndani, na huwa la ndani tangu mstari wa kwanza wa fankisheni hadi wa mwisho, isipokuwa mwandishi atamke vinginevyo. Tuseme mtaani yupo mzee aitwaye Asimwe, na nyumba moja imekwisha kuamua kwamba mtoto atakayezaliwa ataitwa Asimwe. Tangu siku hiyo, humo ndani jina ni la mtoto. Atakayesema “Asimwe, lete maji” anamtuma asiyezaliwa bado. Ndivyo walivyofanya vijana wangu: upande wa kulia wa alama ya usawa walimtuma jumla wa ndani, naye alikuwa hajazaliwa.

Kosa hilo lina nafuu, kwa kuwa hujitangaza. Lau wangaliandika ndani ya fankisheni jumla = kilo, kompyuta isingalilalamika hata kidogo. Ingalizaa jumla mpya ya ndani, ikaipa 40, na fankisheni ilipokwisha jumla hiyo ingalitoweka. Ile ya nje ingalibaki 0. Karani angalifunga daftari akidhani kahawa imeandikwa, kumbe mkulima hana kilo hata moja.

Walimu wengi, wakifikiwa na tatizo hili, hutoa dawa ya haraka: andika neno global mbele ya jina, na programu itakwenda. Nakiri kwamba inakwenda. Najua pia kwamba vipindi ni vichache, na mara nyingi kompyuta moja huzungukwa na wanafunzi wengi. Hata hivyo dawa hii hutuliza maumivu na kuacha ugonjwa. Inamfundisha mwanafunzi kuwa kila nyumba iache mlango wazi, na kila apitaye abadilishe kilichomo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo niliishi hivyo. Katika programu yangu herufi t ilikuwa muda mahali pamoja na joto mahali pengine, zote zikishiriki nafasi moja. Nilipoteza majuma matatu nikitilia shaka fizikia, ilhali fizikia haikuwa na hatia.

Wenye kubuni lugha za kompyuta waliiona hatari hiyo mapema. Lugha ya ALGOL 60, iliyotangazwa mwaka 1960, iliruhusu jina litangazwe ndani ya fungu la amri na liishie humo humo. Mawanda basi ni ukuta uliojengwa kwa makusudi, ili sehemu moja ya programu isiharibu hesabu za nyingine.

Njia iliyo bora ni kupitisha thamani mlangoni. Fankisheni ipewe inachokihitaji, nayo irudishe ilichokipata:

def pokea(jumla, kilo):
    return jumla + kilo
jumla = pokea(jumla, 40)

Karani hukabidhiwa daftari, huongeza, hulirudisha. Kila kinachoingia na kutoka kinaonekana.

Rai yangu kwa walimu ni hii. Mawanda yafundishwe siku ile ile fankisheni inapofundishwa, wala yasisubiri kosa litokee. Mwanafunzi achore nyumba kwa kila fankisheni, na ndani yake aandike majina yaliyozaliwa humo. Kazi hiyo yahitaji karatasi na kalamu tu, hata pasipo kompyuta darasani.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa baadaye. Siku hizi hakuna anayezuia mashine hizo mpakani. Lakini kijana anayesema “sina kichwa cha kazi hii” hujipigia marufuku yake mwenyewe, na hiyo hailegezwi na tangazo lolote la Serikali. Wale wanne wa Kashai walichora nyumba zao jioni ile ile, wakaandika upya, na kompyuta ikatoa 40. Aliyenung'unika ndiye aliyeomba gunia la pili lipimwe.