Nyumba Yetu: Ubao upi unafaa sakafuni?



Mama mmoja wa Njombe ametuandikia juu ya baridi. Nyumba yao ina sakafu ya saruji. Ifikapo Juni na Julai, mama mkwe wake anayesumbuliwa na miguu hushindwa kukanyaga chini asubuhi, na mtoto wa mwisho ndiyo kwanza anatambaa. Sasa zamu yake ya upatu imefika, naye angependa kuweka sakafu ya mbao. Mzee wa nyumba anataka mninga. Dukani wamemwonyesha vibao vinavyong'aa, vya bei nafuu, vinavyopachikwa bila msumari. Fedha zikipotea, hana nyingine mwaka huu. Achukue kipi?

Dada yetu, kabla ya kutazama rangi, jiulize sakafu hiyo itasafishwaje. Wengi wetu tumelelewa kudeki kwa ndoo: maji yanamwagwa, yanasukumwa kwa fagio, ndipo linakuja tambara. Saruji huvumilia hayo. Mbao nyingi hazivumilii.

Vile vibao vinavyong'aa ndani yake ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kugandamizwa. Unachokiona juu ni picha ya mbao tu, iliyofunikwa kwa plastiki ngumu. Ndugu zake ni MDF na chipubodi. Maji yakipenya kwenye maungio, huvimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na vikikauka havirudi vilivyokuwa. Wala huwezi kuvipiga msasa, maana picha itatoka. Kwa chumba cha wageni, kinachofutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, havina ubaya. Kwa chumba cha mtoto anayekojoa popote alipo, hapana.

Tena iko habari ya gundi. Gundi inayotumika sana katika mbao za namna hii hutoa hewa iitwayo fomaldehaidi, ile inayowasha macho na pua unapofungua kabati jipya. Mwaka 2004 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hatusemi kila ubao wa gundi ni sumu. Ipo alama ya E1, maana yake hewa hiyo imewekewa kikomo, na E0 ni chini zaidi. Lakini huko Njombe madirisha hufungwa usiku kucha. Ubao usio na alama, nao unawasha macho, uache dukani.

Mzee naye hakukosea. Mninga hausinyai sana, haupindi ovyo, na mchwa hauupendi. Shida ni bei, na pia ni mti wa misitu ya asili. Ukiununua, nunua kwa mwenye kibali na udai risiti, kwani mzigo usio na hati huweza kukamatwa njiani. Ukisoma 1 Wafalme 6:15 utaona kwamba hata Sulemani, ambaye hakupungukiwa fedha, hakuweka mti mmoja kila mahali: kuta alizifunika kwa mierezi, sakafu akaitandika miberoshi.

Ushauri wetu ni huu: tengeneza chumba kimoja tu, kile cha bibi na mtoto, kwa plaiwudi ya milimita 18. Plaiwudi ni matabaka membamba ya mti yaliyogundishwa, kila tabaka likikatiza nyuzi za mwenzake, ndiyo maana haitanuki wala kusinyaa kama ubao mzima. Karatasi moja ni futi 8 kwa 4. Chumba cha futi 12 kwa 12 kinahitaji nne na nusu, basi nunua tano. Tazama ubavuni: ukiona matundu au matabaka yaliyoachana, kataa. Omba kipande kilichobaki kwa seremala, ukilaze ndani ya maji usiku kucha. Kikifunguka kama kitabu, gundi yake ni ya samani, si ya sakafu. Usitosheke na jina la "marini bodi", maana jina halizuii maji. Mbao za paini za huko kwenu pia zinafaa, mradi ziwe zimekauka sawasawa na kutiwa dawa ya mchwa ya kiwandani. Oili chafu ya magari isiingie chumbani. Harufu yake haiishi, na vanishi haishiki juu yake.

Saruji yenyewe uipime kwanza. Bandika juu yake kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi, unyevu unapanda, na ubao wowote utaoza. Subiri ikauke, au tafuta chanzo chake. Ikiwa kavu, fundi atandike nailoni nzito chumba kizima, apange mihimili ya 2 kwa 2 kila baada ya inchi 16, kisha afunge plaiwudi kwa skrubu. Aache nafasi ya sentimita moja kando ya kuta ili ubao upumue, sketi itaificha. Mlango utabidi ukatwe chini. Mafundi wengi husahau kulitaja hilo mpaka siku ya mwisho.

Na jiko la mkaa, dada, lisiingie tena chumbani humo. Kaa moja likidondoka juu ya mbao latosha kuleta moto. Ila hata kwenye saruji halikufaa: moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini, madirisha yakiwa yamefungwa. Mwambie mama mkwe kwa upole, maana yeye ndiye anayelipenda. Mkeka na blanketi juu ya mbao zitamtosha.

Paka vanishi mara tatu, ukisugua kwa msasa laini katikati. Bibi na mtoto walale chumba kingine mpaka harufu iishe kabisa, hata ikichukua wiki.

Mwezi ujao, Bwana akipenda, tutajibu maswali yenu juu ya dari.