Toleo la Kwanza ni Ushahidi, Tusiwaachie Wengine



Huku Uingereza kila tukikutana, iwe harusini au kwenye khitma, haipiti nusu saa tumeshafika kwenye historia: nani kaiandika, nani kaipotosha, nani kaifukia. Sawa, tugombane. Lakini naomba niulize: kati yetu sisi wapiga kelele, nani ana riwaya moja tu ya Kiswahili katika chapa yake ya kwanza? Simaanishi fotokopi wala chapa ya juzi. Namaanisha kitabu chenyewe kama kilivyotoka mtamboni mara ya kwanza.

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa Nobel ya fasihi, sisi tulishughulika kubishana kama ni Mzanzibari, Mtanzania au Mwingereza. Wakusanyaji wa vitabu hawakuwa na mjadala huo. Wao walikuwa wanatafuta Memory of Departure ya 1987 na Paradise ya 1994, chapa ya kwanza, na karatasi lake la kufunikia jalada likiwa halijachanika. Na wapo jamaa zetu nao wamejifunza biashara hiyo. Wanafunua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, wanatazama mwaka, wanatazama mstari wa tarakimu kama moja ipo, kisha wanakifunga kwenye nailoni kusubiri bei ipande. Muhuri wa maktaba, yaani alama kwamba watu walikisoma, kwao ni ila inayoshusha thamani!

Sina ugomvi na mtu na pesa yake. Ugomvi wangu ni kwamba tunadhani thamani ya toleo la kwanza ni hiyo tu. Jamani, toleo la kwanza ni USHAHIDI.

Chukueni mfano wa Ngũgĩ wa Thiong'o. A Grain of Wheat ilitoka mwaka 1967. Mwaka 1986 mwandishi mwenyewe akaipitia upya. Pale palipoandikwa Chama pakageuzwa kuwa Vuguvugu, na tukio la kubakwa daktari wa Kizungu likaondolewa. Ilikuwa haki yake, kazi ni yake. Lakini mwenye chapa ya baadaye peke yake hawezi kujua jinsi Ngũgĩ alivyoitazama Kenya miaka minne tu baada ya uhuru. Hiyo si siasa? Neno moja limebadilishwa na maana ya uhuru imebadilika nalo.

Na huyo ni mwandishi aliyebadilisha kwa hiari yake. Je, vitabu vyetu vya Kiswahili, ambavyo vingi vimeishi kwa kutegemea shule na mitaala? Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, Mwingereza yuko madarakani, akasimulia nchi ambayo wanaodai mabadiliko wanatiwa gerezani. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Anayetaka kujua watu walithubutu kuchapa nini, mwaka gani, mbele ya serikali gani, lazima ashike kitabu cha mwaka ule. Vinginevyo tunasimuliana.

Vitabu hivyo viko wapi? Havikuwa na majalada magumu wala karatasi za urembo. Vilikuwa vyembamba, vya bei nafuu, vikapita mikono ya wanafunzi darasa baada ya darasa. Baadhi ya wachapaji wenyewe hawapo tena. East African Literature Bureau, iliyotoa Rosa Mistika na kabla yake Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla mwaka 1960, ilikwenda na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo linaloliwa na mchwa.

Najua jibu litakalokuja: "Nyumbani watu hawana dawa, wewe unatuletea habari ya vitabu vikuukuu." Ndugu yangu, mchango wa kamati ya harusi moja hapa London ungenunua rafu nzima ya riwaya hizo. Hatukosi pesa. Tunakosa kuona kwamba ni mali.

Ila nitoe onyo. Sisemi twende Ng'ambo au Kariakoo tukawalaghai wajane kwa bei ya karanga, halafu tuje kuuza kwa paundi. Huo utakuwa uporaji ule ule tunaowalaumu wengine, safari hii kwa mikono yetu. Ukipata kitabu kwa mzee, mwambie ni nini na mlipe haki yake. Andika mwaka, mchapaji, na kimetoka kwa nani. Kama una nakala mbili, moja irudi nyumbani: iwe Nyaraka za Taifa Zanzibar, iwe maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipokelewe kwa maandishi. Na wewe uliye Unguja, Mombasa au Tanga, kabla ya kulitoa sanduku la marehemu babu uani likachomwe, lifungue kwanza.

Tena tusingoje vizeeke. Paradise imeshatoka kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota, 2022. Hilo nalo ni toleo la kwanza. Wangapi kati ya tuliomgombania Gurnah tumelinunua?

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na kitabu mkononi.

Naomba kuwasilisha.